Vile unaweza kumsaidia mwalimu mwenzako ashike mbinu mpya na isiishie kwa semina

Hii nimeandikia walimu wakuu, manaibu, wakuu wa idara, ma-CSO (wale maafisa wa kusaidia walimu na mtaala), na yeyote mwenye ameambiwa "wewe ndio ulienda semina, kuja utuonyeshe". Mifano yangu mingi ni ya huku Kisumu, upande wa Ahero na Muhoroni, lakini hata kama uko Njoro ama Malava naona itakufaa, juu shida ni zile zile: watoto sitini na kitu kwa darasa moja, kipindi cha dakika thelathini na tano, na mwalimu mwenye amechoka kuambiwa kila mwaka kwamba kuna njia mpya.

Tuanze na ukweli mmoja. Mwalimu haachi njia yake ya kufundisha eti kwa sababu ameelezewa kwamba kuna ingine bora. Anaiacha akishaona ile mpya ikifanya kazi na watoto wake mwenyewe, kwa darasa lake mwenyewe, na kuna mtu karibu wa kuuliza siku ile itakataa. Ukiangalia vile tumekuwa tukifunzwa hiyo sehemu ya pili ndio huwa haipo. Walimu wanaitwa ukumbini, slaidi zinapita kutoka asubuhi mpaka chakula cha mchana, wanapewa cheti, wanarudi shuleni, na Jumatatu kila mtu anafundisha vile alikuwa anafundisha Ijumaa. Sio uvivu. Hakuna mtu anajifunza kuendesha baiskeli kwa kuelezewa.

Watafiti wawili wa Marekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, walianza kufuatilia hii mambo kitambo, miaka ya 1980, na walichoona ni kwamba maelezo pamoja na maonyesho peke yake huingia darasani kidogo sana, mpaka uongeze mazoezi na mtu wa kumfuata mwalimu hadi darasani kwake. Na hatuhitaji kwenda mbali, wenye walikuwa na madarasa ya chini wakati Tusome (ule mradi wa kufundisha watoto kusoma) ilianza 2015 wanakumbuka. Vitabu vilikuja, mwongozo wa mwalimu ukaja, lakini pia CSO alikuwa anaingia na tablet yake, anakaa, anasikiza watoto wakisoma, halafu mnaongea. Na ile hatua ya mwalimu kufanya kwanza, halafu tufanye pamoja, halafu mtoto afanye mwenyewe, ndio hiyo hiyo naomba tuitumie kwa walimu. Mfunze mwalimu vile unataka yeye amfunze mtoto.

Hatua ya kwanza: anza na shida yake, usianze na mbinu yako

Usiingie stafrum na kusema "kuna mbinu mpya nataka mjaribu". Kaa na mwalimu mmoja, ama wawili watatu wa madarasa yanayokaribiana, muulize ni wapi watoto wanamshinda. Atakwambia. Huyu atasema hawajibu maswali, mwingine atasema wale watano wa mbele ndio wanabeba darasa lote, mwingine ni insha, mwingine ni hesabu za sehemu.

Halafu mwambie alete vitabu vya watoto, kama kumi hivi, mchanganye wale wazuri na wale wanasumbuka, mvifungue pamoja. Hii usiruke, vitabu vinasema mambo mengi kuliko mtu. Mnaweza kukuta gredi ya tano nzima inajumlisha thuluthi na robo inapata mbili juu ya saba, yaani wanajumlisha namba za juu na wanajumlisha za chini, na kila mahali kuna alama ya kosa na nyekundu nyingi lakini hakuna mahali unaona mtoto ameulizwa alifikaje hapo. Hapo sasa mmepata kitu cha kufanyia kazi, na amekiona yeye mwenyewe kwa macho yake, sio wewe umemwambia.

Hatua ya pili: chagueni kitu kimoja, kiwe kidogo

Hapa ndio wengi wanaharibu. Mtu anarudi kutoka mafunzo na kazi za vikundi, na miradi, na maswali ya kina, na rubriki za kutathmini, anataka zote zianze muhula huu. Mwalimu akiona hiyo orodha anaona tu mzigo juu ya mzigo, na uko na haki ya kumuelewa.

Chukua moja yenye inaweza kuingia kwa kipindi chochote bila kubadilisha skimu, yaani mpango wa masomo wa muhula. Mimi ile napenda kuanza nayo ni kungoja. Ndio, kungoja tu. Mary Budd Rowe alichunguza hii huko Marekani, akachapisha 1974, akakuta mwalimu wa kawaida akishauliza swali anangoja kama sekunde moja tu kabla hajaita mtu, ama hajajijibu mwenyewe. Na walimu walipozoea kungoja sekunde tatu ama zaidi majibu ya watoto yakawa marefu, wale walikuwa hawajibu wakaanza kujibu, na watoto wenyewe wakaanza kuuliza maswali. Haina pesa, haina vifaa, haihitaji stima.

Lakini usiseme tu "ngoja". Ivunje mpaka mwalimu ajue mkono wake utafanya nini. Kwa mfano hivi: uliza swali, sema hakuna kuinua mkono, hesabu polepole kimoyomoyo moja mbili tatu nne, waambie wageukiane wawili wawili kwa dawati waambiane wanafikiria nini kwa dakika moja, wewe pita katikati ukisikiza, halafu chomoa kijiti kwa mkebe chenye kiko na jina la mtoto na huyo ndio anajibu. Vijiti unakata na watoto siku moja, kila mmoja anaandika jina lake. Hiyo ndio mbinu nzima, na kwa kipindi cha kwanza afanye hivyo kwa swali moja peke yake. Moja inatosha.

Swali lenyewe liandikeni pamoja, juu swali mbovu hata ungoje dakika kumi halitasaidia. "Mmeelewa?" sio swali. "Sehemu ni nini?" ni la kukariri. Lakini ukiuliza kama muwa umekatwa vipande vitatu sawa na mwingine wa urefu huo huo umekatwa vipande vitano sawa, ungependa kupewa kipande cha upi na kwa nini, hapo sasa umepata kitu, hasa kwa mtoto wa Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa. Watakuwepo wenye watasema cha vitano juu tano ni kubwa kuliko tatu, na hao ndio unawatafuta, ndio uone wanafikiria nini.

Hatua ya tatu: wewe fundisha kwanza, na iwe kwa darasa lake

Usimwite aje kuona darasa lako zuri. Ataona halafu atasema "hao wako wamezoea, wangu hawawezi". Ingia kwake, na watoto wale wale, saa ile ile ngumu ya baada ya chakula kama hiyo ndio inamsumbua. Yeye akae nyuma na karatasi.

Mpatie kazi ya kuangalia, asikae tu kama mgeni. Mwambie aangalie watoto watatu pekee, mmoja mwenye hujibu kila siku, mmoja wa katikati na mmoja mwenye hajawahi kufungua mdomo, aandike kila mmoja anafanya nini ukishauliza swali. Hiyo inamtoa macho kwako yanaenda kwa watoto, na ndio mahali yanafaa kuwa.

Na kama kipindi hakikuenda sawa usijali, mwalimu akikuona ukihangaika na watoto wake halafu ukatafuta njia, ataamini zaidi kuliko akiona kila kitu kimenyooka.

Hatua ya nne: mazoezi kabla ya darasa

Hii walimu wengi hawaipendi, wanaona aibu. Mwalimu asimame stafrum, wenzake watatu wanne wawe watoto, afanye ile dakika tano ya swali na kungoja. Fanyeni hata hivyo. Mdomo lazima uzoee maneno kabla ya kukutana na watoto sitini. Kunyamaza sekunde nne mbele ya watu ni ngumu kuliko unavyofikiria, mtu anajikuta amejijibu, na ni afadhali hiyo itokee mbele ya wenzake. Kanuni ni moja tu, hakuna kuchekana, na wewe mwenye unaongoza ndio unaanza. Dakika kumi za chai zinatosha.

Hatua ya tano: ingia darasani kwake, na uache fomu nje

Hapa naomba tukae kidogo.

Walimu wetu wakiona mtu ameingia na kalamu wanafikiria TPAD, ile tathmini ya kazi ya mwalimu. Wana sababu, juu kuangaliwa ukifundisha ni sehemu ya tathmini ya TSC, tume ya kuajiri walimu, na alama zinaenda kwa mtandao. Sasa mwalimu akijua unaandika alama hawezi kujaribu kitu hajakizoea, atafundisha kile kipindi chake salama chenye amefundisha miaka yote, watoto wamepangwa, wenye wanajua ndio wanajibu. Hutaona ukweli na hatajifunza kitu. Kwa hivyo tenganisha. Mwambie waziwazi kabla, "hii sio ya TPAD, hii karatasi nitakupatia wewe nikitoka", na kweli umpatie. Kama wewe ndio mkuu wa idara na wewe ndio unamtathmini, basi tafuta mwalimu mwingine mwenye si mkubwa wake aingie, ama muingie kwa zamu nyinyi kwa nyinyi. Siku umechanganya hizo mbili umepoteza imani yake na kuirudisha ni kazi ya muhula mzima.

Ukiwa ndani keti na watoto nyuma, kwa dawati, sio kando ya mlango. Usiingilie somo. Usisahihishe mwalimu mbele ya watoto hata kama amekosea kitu, isipokuwa ni kitu cha hatari. Andika vile unasikia na vile unaona, sio vile unafikiria. "Watoto hawakuwa makini" ni maoni yako tu. "Baada ya swali la pili, dawati tatu za dirishani waliongea, dawati mbili za nyuma walinyamaza" hiyo ni kitu mnaweza kuzungumzia.

Halafu mkutane siku hiyo hiyo, dakika kumi, hata chini ya mti. Wacha yeye aanze. Mazungumzo mazuri huwa kama hivi:

"Madam, kabla sijasema kitu, wewe mwenyewe umeonaje?"

"Wale wa nyuma hawakuongea kabisa. Nimewaambia waongee wakaniangalia tu."

"Nilikuwa nimekaa na wao. Waliongea. Walikuwa wanabishana kwa Dholuo kuhusu huo muwa, na mmoja alikuwa amepata. Ulipokaribia wakanyamaza."

"Aii, walidhani nitawachapa juu ya lugha."

"Sasa kesho unaona tufanye nini?"

"Hiyo dakika moja ya kuongea wawili, waongee na lugha yenye wanataka. Jibu la darasa ndio liwe Kizungu."

Angalia vile hiyo imeenda. Hakuna mahali ameambiwa amekosea. Ameona mwenyewe, na suluhisho ni lake, kwa hivyo kesho atalifanya bila kusukumwa. Na lugha ni kitu cha kweli huku kwetu, mtoto wa Nyakach ama wa Butere anafikiria kwa lugha yake kwanza, ukimfunga mdomo hapo umefunga na hesabu yenyewe. Kwa hivyo maliza hiyo dakika kumi na kitu kimoja cha kubadilisha, kimoja tu, na siku yenye utarudi kuona.

Urudi kweli. Mara moja haitoshi. Kwa muhula wa kwanza wa mbinu mpya jaribu mwalimu asikae zaidi ya wiki mbili bila mtu kuingia kwake.

Hatua ya sita: mwambie mapema kwamba itaharibika kwanza

Wiki ya pili ya tatu hivi mambo huwa mabaya kuliko vile yalikuwa. Darasa lina kelele, kipindi kinaisha kabla ya somo kuisha, naibu anapita anauliza kwani darasa hili halina mwalimu. Mwalimu anaona amerudi nyuma, na hapo ndio mbinu nyingi hufia, kimya kimya, bila mtu kutangaza.

Kama ulimwambia mapema hatashtuka. Na wewe fanya mambo mawili. Moja, ongea na mwalimu mkuu na naibu kabla haijaanza ili wajue hizo kelele ni za nini. Mbili, msaidie na wakati: watoto wazoee ishara moja ya kunyamaza, mwalimu akiinua mkono wote wanainua na mdomo unafungwa, wafanyie mazoezi hata mara tano kabla ya somo kuanza. Dakika zinarudi.

Kuhusu silabasi, hapa najua mtaniuliza. Gredi ya sita wana mtihani wa kitaifa wa KPSEA, gredi ya tisa wana wa KJSEA, na mwalimu atakwambia hana wakati wa kungoja sekunde nne. Hiyo hofu ichukulie kwa uzito, usimpatie hotuba. Hesabuni pamoja ni vipindi vingapi anarudia mada ile ile juu watoto walifeli jaribio. Mkiona vile marudio yanakula wiki, sekunde nne hazitaonekana kubwa.

Wale wanakataa

Kila shule iko na mwalimu mwenye amefundisha tangu siku za kwanza za mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ameona mitaala ikibadilishwa, ameona mtaala wa CBC ukiingia 2019, ameona miradi ikija na magari na ikiondoka. Anakwambia "hii pia itapita". Usibishane na yeye na usimseme vibaya kwa wenzake. Mara nyingi huyo ndio anajua kitu chenye wewe hujui, labda anajua kila familia ya watoto, ama anajua kueleza sehemu kwa njia yenye hakuna kitabu kiko nayo. Nenda kwake umuombe yeye ndio uingie darasani kwake ujifunze, na umaanishe. Uandike kile kizuri, ukiseme stafrum jina lake likitajwa. Baadaye yeye mwenyewe ataanza kuuliza zile vijiti ni za nini. Na asipouliza, muache, fanya kazi na wale wako tayari, wawili wakianza watoto wao ndio watasema.

Walimu wa junia, wale wako na watoto wa gredi ya saba hadi tisa ndani ya shule za msingi tangu 2023, wao shida yao ni ingine kabisa. Wengi wanafundisha masomo hawakusomea, juu shule iko na walimu wachache. Huyo usimpatie mbinu kwanza, msaidie na somo lenyewe: ajue yale makosa ya kawaida watoto hufanya kwa ile mada, mfanye mazoezi ya kitabu pamoja. Mtu hawezi kungoja jibu la mtoto kwa utulivu kama yeye mwenyewe hana uhakika na jibu.

Wakati unatoka wapi

Bila hii yote niliyosema ni maneno. Lazima iwe kwa ratiba. Ongea na naibu apange vipindi ili walimu wawili wenye wanasaidiana wasifundishe saa moja, hata kama ni mara moja kwa wiki. Mwalimu mkuu mwenyewe anaweza kushika darasa kipindi kimoja ili mwalimu aende kumwona mwenzake, na akifanya hivyo shule nzima inajua hii kitu ni ya maana.

Mkishakuwa kikundi cha watu wanne ama watano jaribuni ile njia Wajapani wametumia miaka mingi sana, ya kupanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanaangalia watoto, mnakaa mnalirekebisha, mwingine analifundisha darasa lingine. Walimu wa sayansi na hesabu wa sekondari wataona ni kama wanaijua, juu SMASSE, ile programu ya kuimarisha ufundishaji wa masomo hayo, ilianza 1998 kwa usaidizi wa JICA, shirika la misaada la Japani, na ile kanuni yao ya panga, fanya, angalia, boresha inatoka ukoo huo huo. Uzuri wake ni kwamba somo linakuwa la kikundi. Likikataa limekataa la sisi sote, hakuna mtu anaona aibu.

Kikundi cha WhatsApp kinasaidia pia lakini kiwekeeni mpaka: picha ya kazi ya watoto na swali moja, basi. Zile jumbe za kusambaza zipelekeni kwingine. Na sura za watoto zisionekane, piga picha ya daftari tu, jina ulifunike na kidole.

Utajua aje imeshika

Usiulize mwalimu kama anaitumia, atasema ndio juu anakuheshimu. Angalia mkebe wa vijiti, kama vimechakaa ama viko na vumbi. Mwombe vitabu tena, zile kumi za watoto wale wale, mziweke kando ya za mwanzo. Simama nje ya dirisha kidogo usikize ni sauti ya nani unasikia zaidi. Muulize mtoto wa nyuma njiani akienda nyumbani, leo uliongea darasani? Uliongea nini?

Ukiona mwalimu ameanza kuibadilisha ili imfae, ameongeza kitu chake, labda wawili wawili imekuwa watatu watatu juu madawati yake ni ya watatu, usimrudishe kwa ile ya mwongozo. Hapo ndio imekuwa yake. Mwambie sasa afungue mlango, mwalimu mwingine aje aketi nyuma yake na karatasi, na wewe na yeye mchague kitu cha pili.